Nane kwa tatu, baki mbili

Chukua maneno matatu ambayo mtu yeyote anayeshuka basi alfajiri pale Ipogolo huyasema bila kufikiri: Iringa, baridi, kali. Yahesabu silabi. I-ri-nga, tatu. Ba-ri-di, tatu. Ka-li, mbili. Jumla nane. Tayari una kipande kimoja kamili cha shairi la Kiswahili, nusu ya mshororo (mstari wa shairi) wa mizani, yaani silabi, 16.

Sasa yazungushe kama watu watatu wanaopokezana zamu kisimani: wa mbele anakwenda nyuma, wengine wanasogea.

Iringa baridi kali.
Baridi kali Iringa.
Kali Iringa baridi.

Mizani ni ileile, maneno ni yaleyale, maana haijasogea sana. Mdundo ndio uliobadilika. Kiswahili kina tabia moja inayorahisisha kazi hii: karibu kila neno huwekewa mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kwa hiyo ukijua neno lina silabi ngapi, umeshajua mkazo utaangukia wapi. Piga kofi penye mkazo huku ukihesabu moja hadi nane. Kipande cha kwanza kinakupa makofi kwenye 2, 5 na 7. Cha pili, 2, 4 na 7. Cha tatu, 1, 4 na 7. Tamka kila kimoja mara nne mfululizo na utasikia ngoma tatu tofauti.

Hesabu iliyojificha hapo ni ya darasa la tatu. Nane ukiigawa kwa tatu, inaingia mara mbili na kubaki mbili. Tatu, tatu, halafu hiyo mbili inayofika mapema kuliko sikio lilivyotarajia. Wanamuziki wa Cuba wanao mdundo huohuo wa 3, 3, 2 na wanauita tresillo. Mwili unaposikia tatu mbili zikifuatana hujiandaa kwa tatu nyingine. Ikija mbili, hatua inakatwa, na mtu anajikuta ametikisa bega. Kama nane ingegawanyika kwa tatu bila baki, kusingekuwa na cha kutikisa.

Hoja yangu katika makala hii ni hiyo. Watu wakizungumzia hisabati na uzuri huanza na ulinganifu, nusu huku na nusu kule, kila kitu kimegawanyika sawasawa. Nionavyo, katika ushairi wetu, katika kikapu cha milulu (nyasi za kusukia), hata katika ua la alizeti, uzuri unaoshika macho na masikio unatoka mahali ambapo mgawanyo umebakiza kitu, na fundi (au mmea) akalazimika kuamua hicho kilichobaki kiende wapi.

Turudi kwenye kipande cha mizani nane. Kinaweza kujazwa kwa njia ngapi? Tuchukue kwanza maneno ya silabi mbili, tatu na nne, maana ndiyo mengi. Usijaribu kukisia, utasahau baadhi. Njia ya uhakika ni kuuliza swali moja: neno la mwisho lina silabi ngapi? Likiwa na mbili, sita za mbele zinabaki kujazwa. Likiwa na tatu, zinabaki tano. Likiwa na nne, zinabaki nne. Basi njia za kujaza nane ni njia za kujaza sita, ukiongeza za tano, ukiongeza za nne. Anzia chini upande: silabi mbili zina njia moja, tatu zina njia moja, nne zina njia mbili (2+2, au neno moja la nne), tano zina mbili, sita zina nne, saba zina tano. Nane ni 4 + 2 + 2, yaani njia nane.

Hizi hapa zote: 2+2+2+2; 4+4; kisha 3+3+2, 3+2+3, 2+3+3; kisha 2+2+4, 2+4+2, 4+2+2. Ukiruhusu maneno ya silabi tano unaongeza 5+3 na 3+5, zinakuwa kumi.

Ziangalie vizuri uone kwamba si nane zilizotawanyika. Tatu za Iringa ni mzunguko mmoja. Tatu za mwisho ni mzunguko mwingine: njia ndefu Makambako; ndefu Makambako njia; Makambako njia ndefu. Zile mbili za kwanza, 2+2+2+2 na 4+4, ukizizungusha zinabaki palepale. Kwa hiyo tuna duara nne tu, mbili zenye sura tatu kila moja na mbili zenye sura moja.

Wazo la kupanga mashairi kwa duara ni la zamani. Al-Khalil ibn Ahmad al-Farahidi, mwanachuoni wa Basra katika karne ya 8, alizipanga bahari 15 za ushairi wa Kiarabu, yaani aina za mdundo wake, katika duara tano. Kwenye kila duara aliandika mfuatano wa sauti, na bahari moja ilitofautiana na jirani yake kwa mahali pa kuanzia kusoma. Bahari ya 16 iliongezwa baadaye na al-Akhfash. Tulipochukua maneno "arudhi" (kanuni za kutunga) na "bahari" katika ushairi wetu, tuliyachukua kutoka kwenye elimu hiyo, ingawa kipimo chetu ni kingine: Waarabu walipima sauti fupi na ndefu, sisi tunahesabu silabi.

Wahindi nao walifika kwenye hesabu ileile ya "neno la mwisho lina ngapi". Katika ushairi wao silabi fupi ilihesabiwa mpigo mmoja na ndefu mipigo miwili. Hemachandra, mwanachuoni wa Gujarat, mnamo mwaka 1150 alieleza jinsi ya kuhesabu njia za kujaza mipigo: mpigo wa mwisho ni mfupi au mrefu, kwa hiyo chukua jibu la nyuma na la nyuma yake, ujumlishe. Inatoka 1, 2, 3, 5, 8, 13, 21, 34. Mipigo minane ina njia 34. Leonardo wa Pisa, anayejulikana zaidi kama Fibonacci, aliandika namba hizo mwaka 1202 katika swali la sungura wanaozaana, na dunia ikazipa jina lake. Lakini zilikuwa zimeshahesabiwa na watu waliokuwa wakitafuta njia za kupanga silabi za shairi. Kila mwalimu wa fasihi anapaswa kulijua hilo, na kila mwalimu wa hisabati alitaje darasani.

Sasa pima ukubwa wa uwanja. Mshororo una vipande viwili, ukwapi na utao. Kila kimoja kina njia nane, kwa hiyo mshororo una 8 × 8 = 64. Ubeti wa tarbia una mishororo minne, yaani vipande nane: 8 zidisha kwa 8 mara nane unapata 16,777,216. Hiyo ni midundo ya ubeti mmoja kabla hujachagua neno hata moja, na tumeacha nje maneno ya silabi moja, tano na sita.

Ndiyo maana ule ubishi wa kama shairi ni lazima liwe na vina (silabi za mwisho zinazofanana) na mizani unanihuzunisha kidogo kila unapofufuliwa. Kaluta Amri Abedi aliandika sheria za kutunga mashairi katika kitabu chake cha 1954. Euphrase Kezilahabi akatoa Kichomi mwaka 1974, mashairi yasiyofuata vina wala mizani, na pande mbili zikashikana mashati kwa miaka. Mashairi huru yana nguvu zake na sina ugomvi nayo. Ila anayesema mizani ni jela aoneshwe hizo milioni 16. Na anayesema mizani ndiyo ushairi aoneshwe zile tungo ambazo kila kipande ni 4+4 mwanzo hadi mwisho, ambazo ni sahihi kwa sheria zote na bado zinachosha kabla ya ubeti wa tatu.

Hilo la 4+4 lina sababu, na mtunzi akiijua ataikwepa. Kitenzi cha kawaida chenye mzizi wa silabi mbili, ukikiwekea nafsi na wakati, kinakuwa cha silabi nne: tu-me-fi-ka, wa-na-li-ma, a-ta-ru-di. Mtunzi mchanga akitaka kusema mambo mengi anarundika vitenzi, na kila kitenzi kinajaza nusu ya kipande. "Wakulima wamelima, wakapanda wakavuna." Mkazo unaanguka kwenye 3 na 7, 3 na 7, kama nyundo ya fundi bati. Dawa ni kuvunja kipande kimoja kati ya viwili: badala ya kitenzi cha pili weka jina la silabi mbili na kivumishi cha silabi mbili, au tumia kitenzi cha mtindo wa zamani wa kishairi kama "alima" badala ya "analima", ambacho ni silabi tatu na kinafungua 3+3+2 na ndugu zake.

Kitu kimoja hakibadiliki katika njia zote nane. Angalia tena makofi: 2-5-7, 2-4-7, 1-4-7, 3-7, 1-3-5-7, 1-3-7, 1-5-7, 3-5-7. Zote zinatua kwenye saba. Lazima iwe hivyo, kwa sababu neno la mwisho linaishia kwenye nane na mkazo wake uko silabi moja nyuma. Mwanzo wa kipande uko huru, mwisho umefungwa, na kina kinakaa kwenye silabi ya nane mara tu baada ya mkazo huo wa saba. Sikio linaruhusiwa kupotea njiani kwa sababu linajua linakoshukia. Ukiweka neno la silabi moja mwishoni mwa kipande, mshuko huo unaharibika, na ndiyo maana malenga hukwepa kufanya hivyo hata kama hawajawahi kuieleza sababu.

Makosa ya kuhesabu nayo yana mahali pake pa kujificha. La kwanza ni m na n za mwanzo. Mbeya ni silabi mbili, Mbe-ya, lakini Mlowo ni tatu, M-lo-wo. Njombe ni mbili. Nchi pia ni mbili, n-chi, kwa sababu baada ya n imebaki silabi moja tu na neno halitaki kusimama kwa mguu mmoja. Mbuzi ni mbu-zi, mbwa ni m-bwa. Mtunzi anayehesabu kwa macho, akitazama herufi, atakosea. Ahesabu kwa kofi, taratibu, kwa sauti.

La pili ni irabu zinazokutana mpakani. Katika "Kali Iringa baridi", ile i ya "kali" inagusana na I ya "Iringa". Kwenye karatasi ni mizani nane. Mwimbaji akiimba kwa kasi anameza moja na kutoa saba, na wanaoitikia wanajikuta wametangulia. Shairi la kuimbwa lisiwe na makutano hayo kwenye kibwagizo, ambako watu wengi huimba kwa pamoja. Katikati ya ubeti linavumilika. La tatu ni maneno ya mkopo yenye konsonanti mbili zilizofuatana, kama "daftari" na "labda". Wapo wanaoihesabu ile konsonanti iliyobanwa kuwa mizani, wapo wasioihesabu. Chagua upande mmoja na ushikilie shairi zima.

Kuna pia vibali vya zamani: inkisari ya kufupisha neno, mazida ya kulirefusha, na kuboronga sarufi kama tulivyofanya kwenye "Kali Iringa baridi". Ni kama viraka. Kiraka kimoja kwenye ubeti hakionekani. Vitatu vinaonesha kwamba shati lilikatwa vibaya. Mwenye kuzoea viraka huishia kuandika guni, yaani shairi lenye kasoro za vina au mizani.

Huu hapa ubeti uliotungwa kwa ajili ya kuhesabiwa:

Baridi kali Iringa, ukungu umo njiani,
Mawingu yatangatanga, jua halionekani,
Bibi milulu apanga, hesabu i vidoleni,
Mkono ndio huunga, macho yapime pindoni.

Kina cha kati ni -nga, cha mwisho ni -ni. Mshororo wa kwanza ni 3+2+3 pande zote mbili, kwa hiyo unatembea kwa utulivu. Wa pili unarefuka: 3+5, kisha 2+6, neno zima la "halionekani" likiburuta silabi nne kabla ya kufika kwenye mkazo wa saba, na ukungu unakaa humo. Wa tatu ni 2+3+3, mkazo unaanza kwenye silabi ya kwanza kabisa, Bi-bi, na sikio linaamka kwa sababu sasa kuna mtu. "I" peke yake haisimami. Inajiegemeza kwenye "vidoleni" na kufanya kundi la silabi tano. Kibwagizo ni 3+2+3 halafu 2+3+3, yaani sura mbili za duara moja. Kasoro yake ni kina cha -ni: kati ya vina vinne vya mwisho, vitatu ni ile -ni ya mahali, ambayo hubandikwa kwenye jina lolote. Ni kina rahisi mno. Katika shairi la beti kumi kingeonekana ni uvivu.

Tuliache shairi, twende shambani. Kuanzia Iringa hadi Songwe alizeti ni zao la kawaida, na Mufindi kuna mipaini ya Sao Hill ambayo matunda yake makavu watoto huyapiga teke barabarani. Okota tunda moja la mpaini lililofunguka, ligeuze kitako juu, upake rangi magamba yanayofuatana kwa mzunguko wa upande mmoja, kisha hesabu mizunguko. Halafu hesabu ya upande wa pili. Mara nyingi utapata 5 na 8, au 8 na 13. Kwenye uso wa alizeti mbegu zinapanga 21 na 34, au 34 na 55. Namba za Hemachandra tena. Yapo maua yanayokosea au kufuata mfuatano mwingine, kwa hiyo usikate tamaa ukikutana nayo, ila ni machache.

Sababu yake ni baki. Kila mbegu mpya huchipua kwa pembe inayokaribia nyuzi 137.5 kutoka kwenye iliyotangulia. Ingekuwa nyuzi 120, mbegu ya nne ingekaa nyuma kabisa ya ya kwanza, na ua lingekuwa na mistari mitatu mikavu na mapengo makubwa katikati. Ingekuwa 135, ambayo ni sehemu tatu kwa nane za duara, ingekuwa mistari minane. Nyuzi 137.5 hazikubali kugawanyika mapema. Zidisha kwa 8: unapata 1,100, yaani duara tatu kamili (1,080) na baki ya nyuzi 20. Mbegu ya 13 inapungukiwa nyuzi 12.5 kufika duara tano. Ya 21 inazidi kwa 7.5. Ya 34 inapungua kwa 5. Ya 55 inazidi kwa 2.5. Baki inaruka huku na kule ya mstari wa mwanzo, ikipungua kila mara, na kila baki ni jumla ya mbili zinazoifuata: 20 ni 12.5 na 7.5, 12.5 ni 7.5 na 5. Ile mizunguko unayoiona usoni mwa alizeti ni mbegu zilizokaribia kurudi nyumbani zikakosea kidogo.

Unaweza kuichora hii kwa karatasi ya daftari. Weka nukta katikati na mstari mmoja wa kuanzia. Mbegu ya n ikae umbali wa sentimita 0.7 mara kipeuo cha pili cha n: ya kwanza sm 0.7, ya nne sm 1.4, ya tisa sm 2.1, ya mia sm 7. Bila kipeuo cha pili mbegu zitasongamana katikati na kutawanyika pembeni, kwa sababu eneo la duara linakua kwa mraba wa nusu kipenyo. Pembe usiipime kutoka mbegu hadi mbegu, maana ukikosea nusu nyuzi kila mara, kufika mbegu ya 50 umeshapotoka nyuzi 25 na mchoro wote umekufa. Kokotoa n mara 137.5, toa 360 mpaka ibaki chini ya 360, kisha pima kila pembe kutoka kwenye mstari uleule mmoja. Ukitaka kuvuka mbegu 144 tumia 137.508, kwa sababu 137.5 kamili inarudi pale ilipoanzia kwenye mbegu ya 144.

Hapa natoa onyo, maana mtu akishazipenda namba hizi huanza kuziona kila mahali. Uwiano wa dhahabu, 1.618 (ndio unaoukaribia ukigawa namba mojawapo ya hizi kwa iliyoitangulia, kama 34 kwa 21), ulisifiwa sana na Luca Pacioli katika kitabu cha mwaka 1509 kilichochorwa michoro na Leonardo da Vinci, na tangu hapo umebandikwa kwenye majengo, nyuso na picha ambazo waliozitengeneza hawakuacha dalili ya kuutumia. Ukijichagulia mwenyewe nukta za kupimia, utaupata popote. Nenda Isimila, kilomita kama 20 kutoka Iringa mjini kwenye barabara ya Mbeya, utazame mashoka ya mawe ambayo watu wa kale waliyachonga zaidi ya miaka laki mbili iliyopita. Urefu kwa upana hutofautiana kutoka jiwe hadi jiwe. Kinachojirudia ni ulinganifu: chora umbo la shoka kwenye karatasi, likate, likunje katikati kwa urefu, na pande mbili zinakaribiana sana. Zinakaribiana, hazilali sawa. Jiwe lilikuwa na umbo lake kabla mchongaji hajalishika, na tofauti ile ndogo ya pande mbili ni umbo la jiwe linaloendelea kuonekana chini ya mkono.

Kikapu cha milulu kinaonesha yote haya kwa mpigo mmoja. Vikapu hivi vya akina mama wa Kihehe vinajulikana mbali na Iringa, na anayekitazama kwa haraka huona rangi na mkono wa kubebea. Atazame mbavu, zile nyasi ngumu zinazosimama, ambazo nyasi laini za kusukia hupita mbele na nyuma yake.

Tengeneza mfano. Mbavu 12 zikikutana katikati ya kitako zinatoa ncha 24. Tuseme tunataka nafasi ya sentimita moja kati ya ubavu na ubavu. Mzingo wa duara ni 6.28 mara nusu kipenyo, kwa hiyo ncha 24 zinatosha mpaka sm 3.8 kutoka katikati. Kuanzia hapo kila sentimita unayosogea nje inadai mbavu mpya sita na zaidi kidogo. Kufika sm 7.6 uwe na 48, na sm 11.5 uwe na 72. Hakuna namna ya kuidanganya ile 6.28. Usipoongeza mbavu na ukavuta nyasi kwa nguvu, kitako kinajikunja juu na kuwa bakuli kabla ya wakati. Usipoongeza na usipovuta, nafasi zinapanuka na kitako kinalegea. Ukiongeza nyingi mno, ukingo unakosa pa kulala na kufanya mawimbi kama jani la saladi, na wimbi hilo halinyooshwi kwa kulowesha wala kwa kukalia. Ni kufumua mpaka ilipozidi. Msusi mzoefu haongezi zote kwenye mzunguko mmoja. Anazitawanya, moja hapa, moja baada ya nafasi nne, kwa sababu zikiongezwa sehemu moja kitako kinatoa pembe.

Ukuta unapoanza kupanda idadi ya mbavu ndiyo inayoamua mapambo. Sukia nyasi mbili, moja nyeupe na moja nyeusi, zikipokezana. Mbavu zikiwa 72, nyeusi inarudi juu ya mbavu zilezile kila mzunguko, na unapata mistari iliyosimama wima. Toa ubavu mmoja zibaki 71: nyeusi sasa inaangukia palipokuwa na nyeupe, na mistari inavunjika kuwa madoa kama ya kanga, yule ndege. Ubavu mmoja tu.

Kwa nyasi tatu, moja nyeusi na mbili nyeupe, mambo yanakuwa mazuri zaidi. 72 inagawanyika kwa tatu bila baki, kwa hiyo mistari ni wima. 71 ukigawa kwa tatu inabaki mbili. Nyeusi iliyoanza kwenye ubavu wa kwanza inarudi kwenye ubavu wa pili, kisha wa tatu, na mstari unapanda kikapu kwa kulala kuelekea upande unaosukia. 73 inabaki moja. Nyeusi inaangukia ubavu mmoja nyuma kila mzunguko, na mstari unapanda ukilalia upande wa pili. Hakuna anayegusa rangi wala kubadilisha mwendo wa mkono. Baki ndiyo inayochora. Anayetaka kubadilisha mwelekeo katikati ya kikapu ana njia moja tu ya uaminifu, nayo ni kubadilisha idadi ya mbavu ili baki ya mbili iwe moja, au ya moja iwe mbili: kutoka 71 kwenda 73 mstari unageuka kama barabara ya Kitonga.

Lakini baki haiishi kwa kuwa imezaa mstari mzuri. Inamsubiri msusi juu. Tuseme pindo la kikapu linafungwa kwa kukunja mbavu mbilimbili, ubavu mmoja ukilaza mwenzake. 72 zinaisha vizuri. Kwa 71 au 73 unabaki ubavu mmoja usio na mwenza. Ukiukata, mzunguko wa mwisho unalegea hapo na kikapu kinaanza kufumuka kikibebeshwa viazi. Ukiukunja peke yake, inatoka ncha ndogo inayochoma mkono. Njia moja ni kuulaza pamoja na mbili za jirani, tatu ndani ya fundo moja, na fundo hilo nene kidogo kuliweka mahali ambapo mkono wa kikapu utashonewa, ili lifunikwe. Ukikutana sokoni na kikapu ambacho mistari yake inapanda kwa kulala, pitisha kidole ndani ya pindo, chini ya shina la mkono. Fundo lenye mbavu tatu huenda ukalihisi.